Kifungo Kifuani mwa Makame

Siku hiyo ilikuwa bado ni siku ileile. Jua lilikuwa limesimama saa saba mchana juu ya kichochoro, vivuli vimejikunja chini ya miguu ya wenyewe kama paka waliokataa kufukuzwa, na Mashavu alikuwa amekaa kizingitini kwake, mikono magotini, akimtazama Makame anavyovua shati.

Alilivua polepole, akaligeuza, akalivaa tena, mishono nje. Kisha akakishika kile kifungo cheupe cha kifuani, akakata uzi kwa meno, akakitupa mtaroni, na maji ya moto yakakichukua. Yote aliyafanya kama yanavyotakiwa. Mashavu akainuka, moyo ukimwenda mbio kwa furaha aliyoionea haya kidogo, maana mpokezi hafurahi mbele za watu mtu anapogeuza nguo. Akasogea pembeni ya kizingiti ili pawe na nafasi ya wawili.

Makame akampita.

Hakumkwepa wala hakuinamisha uso. Alimpita tu, kama mtu anavyoipita nyumba ambayo hamjui yeyote ndani yake, akaenda mpaka mwisho wa kichochoro, akakaa kwenye baraza ya Tatu, mpokezi mwenzake Mashavu.

Katika mji ule hakuna aliyeamrishwa kufa. Siku ya mtu ikifika, mkono wake mwenyewe huanza kuvuta nguo juu ya kichwa. Hushangaa kidogo, halafu hana cha kushangaa tena. Huigeuza, hukata kifungo kinachoitwa Bado, hukaa mahali pa kuonekana. Mpokezi hupita akipapasa vifua, kwa kuwa joto limewabananisha watu na macho peke yake hayatoshi. Mkono ukikuta kifungo, unapita. Mkono ukikuta kitambaa kitupu na mishono ya nje, mpokezi hufungua kanga yake, na yule mtu huingia kama anavyoingia chumbani kwake, huwa mdogo, huwa mwepesi, mwisho huwa sauti. Watoto huita kumezwa. Wakubwa husema kupokewa. Akishaingia hutoa neno moja la mwisho, ambalo hulisikia aliyempokea tu. Hapo mpokezi huchukua kata ya maji, huenda kwenye milango mitatu iliyo jirani na pale mtu alipokaa, hunyunyiza vizingiti, husema "Pametulia." Waliomo hujibu "Tumesikia." Wasipojibu, maji yale hayahesabiki. Wakijibu, joto la mji hushuka kwa kiasi cha kata ile.

Lakini aliyegeuza nguo akakosa wa kumpokea huvimba, na akivimba hupasuka, na yaliyokuwa ndani yake humwagikia kuta za watu na kuziunguza. Kengele ya lango hulia bila kupigwa. Askari wa mbio huingia kwa mamia wakimtafuta adui, hawamkuti, na kwa kuwa hawakufundishwa kukaa bure huchoma kilichopo. Wenyewe nao huchoka, hugeuza nguo, wapokezi hawatoshi, wanapasuka. Ndivyo siku ilivyosimama. Nani aliyeanza, hakuna anayekumbuka. Wengine wanasema ulikuwa mwiba tu, na mwiba ulishatoka zamani.

Bi Mwanakombo, fundi wa lipu, alikuwa na maelezo yake. Alisema mji wote huu ni goti la mwanamke fulani ambaye tangu asubuhi anajaribu kusimama. Watu walimcheka, lakini kila sakafu ilipotetema walinyamaza na kusikiliza.

Yeye ndiye aliyeziba kuta kila mtu alipopasuka. Tabaka juu ya tabaka, lipu nene isiyo na dirisha. Zamani wanawake wawili wenye ndoo vichwani walipishana kichochoroni hapo bila kugusana. Sasa mtu mmoja alipita ubavu ubavu, amebana pumzi. "Nikipiga moja tena," alisema Bi Mwanakombo, "hapapiti hata maji." Mji ukaweka ahadi: kichochoro kikipokea watu kumi mfululizo bila hata mmoja kupasuka, lango litafungwa na jua litaachiwa liende zake. Tisa walikuwa wamepokewa. Makame alikuwa wa kumi.

Katika wale tisa, Mashavu alipokea wawili. Saba walikwenda kwa Tatu.

"Umesimama kama mlango uliosahauliwa wazi," Bi Mwanakombo alimwambia, akigeuza lipu kwa mwiko ili isigande. "Keti."

"Nimekaa sana."

"Wa kumi amekupita."

"Nimemwona, Bi."

"Nakwambia tu, usije ukasema hukuona."

Mashavu akaketi. Mtu anaweza kumchukia mwenzake kwa sababu ya chakula, au ya nyumba, au ya mume. Hayo yana majina, na watu hukaa chini wakayasuluhisha. Lakini yeye alimwonea Tatu wivu kwa jambo dogo lisilo na jina: watu walicheka walipoingia kwenye kanga yake. Tatu aliingia mjini hivi karibuni tu, kwa lango, pamoja na joto, hajui ukuta gani ulijengwa lini wala nani alikuwa anaishi wapi, na bado watu waliokuwa wanakwenda kuisha walicheka. Kwa Mashavu waliingia kimya. Aliwapokea vizuri, hakuna aliyewahi kumlaumu. Waliingia kama watu wanaopanga foleni.

Na Makame aliahidi. Aliingia kwa kengele ya kwanza kabisa, mmoja wa askari wa mbio, watu ambao maisha yao ni siku moja. Mashavu alimpa maji hapo langoni. Alikunywa, akafuta mdomo kwa kiwiko, akauliza jina lake kwanza, ndipo akasema: "Siku yangu ikifika nitakuja kwako, Mashavu." Siku haikuisha, kwa hiyo naye hakuisha, akawa anapita kizingitini pale, mara na vumbi, mara na kicheko, na kila alipopita Mashavu alijiambia, wangu yule. Hakumaanisha mume. Alimaanisha kwamba neno lake la mwisho lilikuwa na mahali pa kukaa, na mahali penyewe palikuwa tayari pamefagiliwa.

Sasa alikuwa ameegemeza kichwa kwenye nguzo ya baraza ya Tatu, macho yamefumbwa.

*Kidogo tu,* sauti moja ikasema ndani ya Mashavu.

*Nani amesema?*

*Mimi.*

*Mimi nani? Tuko wengi humu.*

*Nimesema kidogo tu. Tatu apite, asimwone. Kisha nitakwenda mimi. Hatapasuka, nitamwahi. Nani ataumia?*

*Sauti hii si yako, ni ya yule mshona magunia uliyempokea kabla ya joto.*

*Basi naomba sindano yake.*

Kila mtu ana kifungo kimoja, na hakipatikani kingine. Mashavu akaingiza mkono chini ya kanga, akakishika cha kwake kwenye gauni, akakikata. Hakusikia chochote, ila upepo kidogo mahali ambapo hapakuwahi kupata upepo. Uzi mweupe ulikuwa umemwishia, akatunga mweusi. Akaenda ubavu ubavu mpaka mwisho wa kichochoro, akapiga goti mbele ya Makame, akaanza kushona.

Shati lililogeuzwa halikubali kifungo kwa urahisi. Kitambaa cha ndani kilikuwa laini na chenye jasho, na sindano ilitaka kuteleza kwenda kwenye ngozi. Alishona akiwa ameshika pumzi. Uso wa Makame ulikuwa karibu kuliko ulivyowahi kuwa, na Mashavu alijikuta anachelewesha mikono, anaongeza mshono ambao haukuhitajika, na mwingine. Kwenye ule wa mwisho sindano ikamwingia kidole gumba. Akakata uzi, akarudi kwake, akakaa.

Ndivyo mtu mmoja alivyokaa juani na alama mbili: nguo inayosema njooni na kifungo kinachosema bado. Jambo hilo mji ulikuwa haujaliona.

Tatu akaja, anatembea kama mwenye mimba ya watu saba, na kanga yake imejaa mpaka pindo zinanong'ona.

"Shikamoo, dada Mashavu."

"Marahaba. Umejaa."

"Mpaka kooni. Wa tisa alikuwa mnene, halafu ana maneno."

"Wako wote wana maneno."

"Wanaanza kwa kucheka," Tatu akasema. "Maneno yanafuata."

Akafika barazani kwake, akapeleka mkono kifuani mwa Makame bila kumtazama, kama mtu anayejua mlango wake kwa kupapasa. Mkono ukagusa kifungo. Ukasita. Mashavu aliona vidole vile vikizunguka ukingo wa kifungo, vikishuka kwenye mishono ya nje, vikirudi. Kisha ukapita. Mkono wa mpokezi haubishani na Bado. Ungebishana, hakuna ambaye angelala mjini.

"Huyu kageuza nguo," Tatu alisema.

"Joto hili. Watu wanavaa wanavyojua."

"Lakini bado."

"Si umepapasa mwenyewe?"

Hapo Tatu angeingia ndani kwake akalala, kama alivyozoea. Hilo ndilo Mashavu alilotegemea. Lakini Tatu alirudi mpaka kizingitini kwa Mashavu, akajishusha kwa taabu, akakaa kwenye ile nafasi ya wawili.

"Acha nikae na wewe kidogo. Barazani kwangu kuna mtu amelala."

"Umeacha nyumba nzima kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Nikilala saa hizi siamki. Hawa wamenielemea." Akajigusa tumbo. "Unajua wananiuliza nini humu ndani? Wananiuliza, mbona yule mwenzako hacheki."

"Mimi sikuzaliwa hapa kuchekesha watu."

"Ndiyo maana wanauliza."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nawaambia dada anafikiri. Wanasema, anafikiri nini muda wote huo, anatafuta sindano?" Tatu akacheka, na saba wote wakacheka naye, na Mashavu akaficha kidole gumba ndani ya kiganja.

Nyuma ya bega la Tatu, Makame alianza kuvimba.

Ilianza miguuni. Ngozi ikang'aa kama ya embe lililokaa juani. Kisha tumbo, kisha shingo, mpaka shati likavutika na mishono ya nje ikawa inahesabika moja moja. Kifungo kikasimama katikati ya yote hayo, cheupe, hakitetereki. Mashavu alikuwa anajua muda aliobakiwa nao. Kazi yake ilikuwa kujua. Angesema tu: Tatu, nenda kampokee, nimekosea. Maneno manne, matano. Aliyatafuta mdomoni akakuta neno jingine limeyakalia, nalo lilikuwa: basi atakwenda kwake.

Je, nani anayeamua kwamba mtu amekwisha? Mkono wake unaovuta nguo? Kifungo? Yule anayepita akapapasa? Mashavu alikuwa amepokea watu tangu mji ukiwa na baridi, na hakuwahi kuliuliza hilo, kwa sababu wote watatu walikuwa wakisema jambo moja. Leo walikuwa wanasema mambo matatu, na kati yao kulikuwa na mtu anayevimba, na aliyewagombanisha alikuwa yeye. Hakumtaka Makame abaki. Hakumtaka aende. Alitaka asiende kule. Kumbe inawezekana kumzuia mtu asife na bado usiwe umempenda hata kidogo.

Sauti ya mwiko ikanyamaza. Bi Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni mwake, lipu inadondoka.

"Mashavu," akasema, taratibu kabisa. "Kifungo kile kina uzi mweusi."

Kichochoro kizima kilishonea uzi mweupe. Mweusi ulikuwa kwa mtu mmoja.

Tatu akageuza shingo, akaona. Akajaribu kuinuka, watu saba wakamrudisha chini. "Siwezi," akasema. "Dada, sina nafasi. Naona, lakini siwezi."

Mashavu alikuwa ameshaondoka. Kuta zilimkwangua mabega. Alipiga magoti pale alipopiga mwanzo, akashika kifungo, akavuta, hakikutoka. Alikuwa amekishona vizuri mno, na ile mishono ya ziada sasa ilikuwa inamdai muda. Akainamisha uso akautafuta uzi kwa meno. Kifua cha Makame kilikuwa kinachemka chini ya mdomo wake. Uzi ukakatika. Akakificha kifungo shavuni, akafungua kanga.

Makame hakuingia. Alikuwa ameikumbatia nguzo kwa mikono miwili, macho hayaoni tena kwa uvimbe, na mtu aliyeshikilia hapokeleki.

"Tatu?" akaita.

Kwenye kizingiti kile Tatu akafungua mdomo ili aitike.

"Naam," Mashavu alisema, mbele ya mwenye jina. "Ni mimi."

Alisema hivyo kwa sababu mtu humwachilia nguzo yule anayemngojea. Alisema hivyo pia kwa sababu alitaka, mara moja tu, kuitwa hivyo na sauti ile. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakupata nafasi ya kuyatenganisha. Mikono ya Makame ikalegea. Tone moja lilimtoka puani, likaruka, likaanguka kwenye nguzo, likaanza kufuka moshi. Ulimi wa kengele langoni ukatikisika. Mashavu akaufunika moto ule kwa mkono mtupu, akaugandamiza mpaka ukafia kwenye ngozi yake. Ulimi ukatulia. Na Makame akaingia, mzito, wa moto, halafu mdogo, halafu mwepesi.

Hakucheka. Akatoa neno lake.

"Tatu hana alama ya sindano kidoleni. Nilikuwa macho, Mashavu. Nikakuacha ushone."

Basi. Hakusema kwa nini alimpita, wala kwa nini alimwacha. Akawa sauti kati ya sauti, na Mashavu akabaki amepiga magoti barazani kwa mwenzake, ana kile alichokitaka, na hajui ni kitu gani.

Akachota maji.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi Mwanakombo. "Pametulia." Mzee yule aliutazama mkono ulioungua, akamtazama usoni, akaweka mwiko chini. "Tumesikia," akasema. "Lipu hii naimwaga. Na wewe, siku nyingine, nunua uzi mweupe."

Mlango wa pili ulikuwa wake mwenyewe. Tatu alikuwa ameshajikokota kwenda kwake, hapakuwa na mtu. Mashavu alinyunyiza kizingiti, akasema "Pametulia" kwenye nyumba tupu, na wa ndani yake wakamjibu kwa pamoja, na kati yao ikasikika sauti moja ngeni iliyochelewa kidogo.

Mlango wa tatu ulikuwa wa Tatu. Alikuwa amesimama, ameziba njia.

"Pametulia," Mashavu akasema.

Tatu hakujibu. Maji yalikauka kizingitini yakitazamwa.

"Aliniita mimi."

"Alikuita."

"Ukaitika wewe."

"Niliitika."

"Akasema nini?"

"Neno ni la aliyepokea, Tatu. Unajua."

"Lilikuwa langu." Uso wa Tatu, uso ule uliochekesha watu waliokuwa wanakwisha, ulikuwa umejikunja mahali ambapo Mashavu alipajua vizuri, alikuwa amekaa hapo siku nzima. Hakuona raha kuuona hapo. Alidhani angeona.

Mkono wa Tatu ukaja kifuani kwake. Si kwa ubaya, mkono wa mpokezi huja wenyewe. Ukapapasa, ukakuta gauni tupu na nyuzi zilizokatwa. Ukashuka kwenye kanga iliyofungwa kwa haraka, ukakuta upande wa ndani uko nje. Wote wawili wakasimama hivyo. Kwa desturi ya mji, hapo hapakuwa na la kuuliza. Jua lilikuwa saa saba. Watu kumi walikuwa wamepokewa na neno moja lilikuwa halijasemwa, na mwenye kulisema alikuwa na mkono wake juu ya moyo wa mtu asiye na Bado.

"Ulimpa cha kwako," Tatu akasema.

Mashavu akakitoa shavuni, akakiweka kiganjani. Kilikuwa na mate na uzi mweusi.

Tatu akaugusa ule uzi kwa kidole.

"Tumesikia," akasema.

Mbali kule, lango likavutwa, likafungwa. Sakafu ikatetema, lakini safari hii haikukoma pale ilipozoea; ilijinyoosha, polepole, kama goti linalojaribu kwanza lione kama linauma. Kivuli cha nguzo kikatoka chini ya nguzo, upana wa kidole kimoja.

"Kaa," Tatu akasema. "Sindano unayo?"

Akampa. Wakakaa barazani, bega kwa bega, kwa kuwa njia ilikuwa bado nyembamba. Tatu aliinamisha kichwa ili akirudishe kifungo kwenye gauni la Mashavu, akakiinamisha zaidi kuliko kushona kunavyohitaji, mpaka sikio lake likawa karibu kabisa na kifua, akawa anashona na kusikiliza, na kila mara anaongeza mshono.

"Tulia," akanong'ona, "nisije nikakuchoma."

Mashavu akaegemeza kichwa kwenye nguzo, akafumba macho, akajifanya amelala.